Matundu manne na mkojo usiomwagika: kisa cha saratani ya beseni la figo

Mgonjwa wa kisa hiki ni mwanamume wa miaka 66, aliyevuta sigara zaidi ya miaka 30 na kuacha pale alipoanza kuhema akipanda ngazi. Ni kisa cha kufundishia: hakuna mtu mmoja aliyepitia yote haya kama yalivyopangwa hapa, lakini kila hatua yake ni ya kawaida kwa timu zinazopasua saratani za njia ya mkojo. Nimemchagua kwa sababu swali lake huulizwa kila siku, na mara nyingi huulizwa kwa upande usiosaidia. Watu hutaka kujua kama upasuaji wa matundu madogo ni salama kuliko wa kufungua tumbo. Ukubwa wa tundu una usemi juu ya maumivu, damu inayopotea na siku za kulala wodini. Kuhusu saratani yenyewe, hasa ile inayoota kwenye utando wa ndani wa njia ya mkojo, mimi huuliza kwanza jambo moja: je, njia ya mkojo ilibaki imefungwa tangu mwanzo hadi figo ilipotoka mwilini?

Damu iliyokuja ikakoma

Alikojoa damu bila maumivu, ikakoma yenyewe. Akaambiwa ni UTI, akapewa antibayotiki. Damu ikarudi, akapewa dozi nyingine, ingawa mkojo uliooteshwa maabara haukutoa bakteria yeyote. Hapa sina maneno ya upole. Mwanamume wa umri huo, mvuta sigara, anayekojoa damu bila kuumwa, achukuliwe kuwa ana saratani hadi vipimo vikatae. Damu kukoma si dalili ya kupona, kwa sababu uvimbe wa aina hii huvuja, ukanyamaza, ukavuja tena.

Skani ya CT ya njia ya mkojo ilionyesha uvimbe wa sentimita 2.8 ndani ya beseni la figo ya kushoto, yaani pale mkojo unapokusanyika kabla ya kuingia kwenye mrija unaoupeleka kibofuni. Figo ilikuwa imeanza kujaa mkojo uliokwama. Mafuta yanayolizunguka beseni yalionekana safi, tezi za limfu hazikuvimba, mapafu na ini havikuwa na doa. Kamera ya kibofu haikuona kitu. Kipimo hicho hakirukwi, maana karibu mgonjwa 1 kati ya 6 mwenye saratani ya sehemu ya juu ya njia ya mkojo hukutwa na nyingine kibofuni wakati huohuo. Chembe zilizoelea kwenye mkojo wake zilisomwa chini ya hadubini, zikaonekana kuwa za saratani ya daraja la juu, yaani kali.

Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha jinsi figo zinavyochuja, ilikuwa mikromoli 128 kwa lita, ambayo kwa umri wake inakadiria uchujaji wa figo wa mililita 53 kwa dakika. Skani ya mgawanyo wa kazi ikaonyesha kwamba figo ya kushoto ilikuwa inafanya asilimia 29 tu ya kazi yote. Namba hizo mbili msomaji azishike, zitahitajika mbele.

Saratani ya namna hii si ile ya nyama ya figo ambayo wengi wameisikia. Ile ya nyama ya figo hukua ndani ya kifuko chake na mara nyingi haiugusi mkojo kabisa. Hii ya mgonjwa wetu ni ndugu wa saratani ya kibofu: imeota kwenye utando uleule unaoanzia figoni hadi kibofuni, na sehemu ya juu hupata asilimia 5 hadi 10 tu ya saratani zote za utando huo. Chembe zake hudondoka kwenye mkojo, zikaelea, na zikipata pa kushika hushika. Ndiyo maana tiba yake ya kawaida ikiwa kali ni kutoa figo, mrija wote na kipande cha ukuta wa kibofu pale mrija unapoingilia, vyote vikiwa vimeungana. Ukiacha kisiki cha mrija, umeacha shamba lenye mbegu.

Ubishi wa kwanza: kuchungulia au kutochungulia

Kabla ya kufika kwenye upasuaji, timu ilibishana juu ya kipimo. Daktari mmoja alitaka kupitisha kamera nyembamba kutoka kibofuni hadi figoni, auone uvimbe kwa macho na achukue kipande. Hoja yake ilikuwa na nguvu: unatoaje figo ya mtu bila karatasi ya patholojia, yaani jibu la maabara iliyosoma kipande cha uvimbe, mkononi?

Upande wa pili ulikuwa na hoja ya mkojo. Kamera hiyo inaingizwa pamoja na maji ya kusukuma. Inagusa uvimbe, inaukwangua, kisha inarudi ikiteremka kuelekea kibofuni. Tafiti zilizokusanywa kwa miaka zimeonyesha kwamba wagonjwa waliochunguliwa hivyo kabla ya kutolewa figo, hasa waliochukuliwa kipande, hupata saratani ya kibofu baadaye kwa wingi zaidi kuliko wasiochunguliwa. Kipimo hiki hakijaonekana kuongeza vifo waziwazi, lakini saratani ya kibofu si jambo dogo: ni kamera nyingine, dawa nyingine, na kwa wachache ni kibofu chenyewe kutolewa.

Wakakubaliana kwa kanuni ninayoiunga mkono. Kamera ya mrijani ifanywe pale jibu lake linapoweza kubadili tiba. Uvimbe ungekuwa mdogo na wa daraja la chini, kuuona kungefungua mlango wa kuuchoma kwa leza na kuiacha figo. Wa huyu ulizidi sentimita 2, chembe zake zilikuwa za daraja la juu, na figo ilikuwa imejaa mkojo. Kila moja ya hizo pekee inatosha kumweka kwenye kundi la hatari kubwa. Kamera ikaachwa. Uamuzi huo ulikuwa na bei yake, na bei ilionekana baadaye.

"Si huwa wanaikata vipande?"

Binti yake ndiye aliyeuliza maswali. Alikuwa ameshasoma mengi.

"Daktari, tumeambiwa kuna upasuaji wa matundu. Baba hatafunguliwa tumbo, sivyo?"

"Mzee atakuwa na matundu manne, na mpasuo mmoja chini ya kitovu," alijibu daktari mpasuaji. "Figo haipiti kwenye tundu la sentimita moja."

"Si huwa wanaikata vipande vipande hukohuko ndani?"

"Kwa ugonjwa wake, hapana. Na yeyote atakayekuahidi hivyo, mkimbie."

Swali la binti lilikuwa na msingi. Figo ya kwanza kutolewa kwa matundu ilitolewa na Ralph Clayman na wenzake mjini St. Louis, Marekani, mwaka 1990. Mgonjwa alikuwa bibi wa miaka 85, na figo ilisagwa ndani ya mfuko maalumu hadi ikapita kwenye tundu dogo. Kwa uvimbe wake, ambao haukuwa saratani, mbinu hiyo ilikuwa ya kijasiri na ilifaulu. Kwa saratani ya utando wa njia ya mkojo, kusaga figo ni kupasua beseni lenyewe na kuumwaga mkojo wenye chembe. Miongozo ya leo ya Jumuiya ya Urolojia ya Ulaya inakataza kusaga, inadai figo itoke nzima ndani ya mfuko, vifaa visiguse uvimbe moja kwa moja, na njia ya mkojo isifunguliwe kabisa wakati tumbo limejazwa gesi.

Gesi ndiyo inayoleta wasiwasi wa pekee hapa. Katika upasuaji wa kufungua, chembe ikidondoka hubaki palepale, mpasuaji akaifuta au akaisuuza. Katika upasuaji wa matundu, tumbo limepulizwa kabonidayoksaidi kwa shinikizo, na kila kifaa kinapoingia na kutoka gesi huvuja pembeni ya troka, yaani mirija inayopitishia vifaa. Chembe zilizo huru zinaweza kusukumwa hadi kwenye ukuta wa tumbo palipotobolewa. Taarifa za saratani ya utando huu kuota kwenye tundu la troka zipo. Ni chache, na nyingi zina historia ileile: beseni au mrija ulipasuka, au figo ilitolewa bila mfuko, au mfuko ulichanika.

Kulikuwa na la mapafu pia. Kabonidayoksaidi hunyonywa na damu, na mwili huitoa kwa pumzi. Mapafu ya mtu aliyevuta sigara miaka 30 huitoa kwa shida. Daktari wa usingizi alipima pumzi yake, akasema atavumilia, ila shinikizo la gesi lisizidi milimita 12 za zebaki na awe na haki ya kusimamisha kazi wakati wowote.

Mambo ya kubadili mpango yaliandikwa kabla: beseni likichanika, uvimbe ukionekana umetoka nje ya figo, tezi zikikutwa zimevimba, au damu ikikataa kukauka kwa dakika chache, tumbo linafunguliwa bila mjadala. Napenda sana yakiandikwa mapema. Mtu aliyekwisha kutumia saa mbili kwenye skrini huona aibu kubadili njia, na aibu ni mshauri mbaya.

Mezani

Mgonjwa alilazwa kwa ubavu, upande wa kushoto juu. Troka ya kwanza iliwekwa kwa kupasua kidogo na kuona kila tabaka, badala ya kuchoma sindano kwa kubahatisha, maana majeraha mabaya ya utumbo na mishipa mikubwa hutokea sana kwenye tundu la kwanza. Utumbo mpana ukasogezwa. Mrija ukaonekana ukiteremka juu ya msuli wa kiuno.

Sasa tazama mfuatano. Kabla figo haijaguswa, kabla mshipa wowote haujatafutwa, mrija ulibanwa kwa klipu chini ya beseni. Hatua hiyo haichukui hata dakika. Lakini tangu hapo, lolote lililosukumwa au kubinywa kwenye figo halikuweza kuteremka kibofuni. Kisha ateri ya figo ikabanwa na kukatwa, baadaye vena. Tezi za limfu zilizo kando ya mishipa mikubwa upande huo zikatolewa. Figo haikukamatwa kwa koleo hata mara moja. Ilisukumwa na kuinuliwa pamoja na mafuta yake yote.

Saa moja na nusu baada ya kuanza, kabonidayoksaidi kwenye pumzi yake ilipanda kutoka milimita 38 za zebaki hadi 54. Daktari wa usingizi alibonyeza ngozi ya kifua kwa kidole, akahisi mchakacho: gesi ilikuwa imepenya chini ya ngozi. Akasema simameni. Gesi ikatolewa yote, mashine ikaongezewa kasi ya pumzi, timu ikangoja namba zishuke hadi 43. Wakaendelea kwa shinikizo la 10. Uwanja wa kuona ulikuwa finyu kidogo, na kazi ikapungua mwendo. Sioni hasara hapo. Kwa mgonjwa kama huyu, dakika kumi za kungoja ni sehemu ya upasuaji.

Sehemu ya chini ya mrija ndiyo inayowatenganisha wapasuaji. Wapo wanaoichomoa kwa kukata pembeni ya tundu lake kupitia kibofuni kwa kamera, kisha kuivuta kutoka juu. Wapo wanaomalizia kila kitu kwa matundu au kwa roboti, ambayo nayo hupitia matundu. Timu hii ilichagua njia isiyo na umaridadi: mpasuo mmoja tumbo la chini, ambao ungehitajika hata hivyo kutolea figo. Kibofu kilimwagwa kabisa kwa mpira wa mkojo kwanza, kisiwe na tone. Ndipo duara la ukuta wa kibofu kuzunguka mdomo wa mrija likakatwa na ncha yake kushonwa papo hapo. Kibofu kikashonwa kwa tabaka mbili, kikajazwa mililita 200 za maji ya chumvi, hakikuvuja.

Figo, mrija na kile kipande cha kibofu viliingia kwenye mfuko kama kitu kimoja. Kisha mfuko ukakwama. Mpasuo ulikuwa sentimita 6, na figo iliyovaa mafuta yake ilikuwa pana kuliko hapo. Msaidizi akaanza kuvuta kwa kuyumbisha huku na huku, kama wengi wanavyofanya. Mpasuaji akamshika mkono, akaomba kisu, akaongeza sentimita 2. Mfuko ukatoka bila kulazimishwa. Muuguzi wa chumba cha upasuaji aliumiminia maji baadaye kuangalia kama una tundu, hakuna lililopatikana. Kama ningeombwa nionyeshe mahali ambapo kisa hiki kingeweza kuharibika, ningeonyesha hapo. Mbinyo kwenye mfuko hupasua beseni lililo ndani yake, na mfuko ukichanika wakati huo chembe zinamwagika kwenye kidonda kibichi. Sentimita 2 za kovu ni bei ndogo kuliko zote nilizozitaja.

Gesi ilinyonywa kupitia troka kabla hazijachomolewa, ili isitoke kwa kishindo kupitia kwenye matundu. Damu iliyopotea ilikuwa kama mililita 180.

Siku ya pili

Siku ya kwanza aliketi na kunywa maji. Siku ya pili tumbo lilijaa, na akalalamika maumivu kwenye tundu moja tu, la upande wa juu kushoto, yaliyokuwa yanaongezeka wakati mengine yanapungua. Joto la mwili lilikuwa la kawaida. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka badala ya kupanda.

Daktari mchanga wa zamu alikuwa tayari kuandika dawa ya maumivu. Daktari mpasuaji akaagiza CT usiku huohuo, mgonjwa akinywa dawa ya kung'arisha picha, ile ya kudungwa mshipani ikaachwa ili kuikinga figo iliyobaki. Sababu yake inafaa kujulikana na kila anayemhudumia mtu aliyetoka kwenye upasuaji wa matundu. Utumbo uliotobolewa au kuunguzwa bila kuonekana haujitangazi jinsi vitabu vya zamani vinavyoeleza, kwa homa kali na tumbo gumu kama ubao. Mara nyingi hujitangaza hivi: maumivu yanayozidi kwenye tundu lililo karibu na jeraha, tumbo kujaa, pengine kuharisha, na chembe nyeupe kushuka. Anayesubiri homa ndipo ashtuke anaweza kumpoteza mgonjwa.

Picha ilionyesha damu kidogo iliyojikusanya kwenye msuli chini ya tundu lile. Utumbo ulikuwa mzima. Akaendelea vizuri. Ukiuliza kama skani ile ilipotea bure, jibu langu ni hapana.

Sindano za kuzuia damu kuganda aliendelea nazo hadi siku 28, nyumbani. Siku ya 8 kibofu kilipigwa picha kikiwa kimejazwa rangi, hakikuvuja, na ndipo dozi moja ya mitomaisini, dawa ya kuua chembe za saratani, miligramu 40, ikaingizwa kibofuni kupitia mpira, ikakaa saa moja, ikatolewa pamoja na mpira wenyewe. Jaribio la Uingereza lililoitwa ODMIT-C, la mwaka 2011, lilionyesha dozi hiyo moja ikipunguza saratani ya kibofu ndani ya mwaka wa kwanza kutoka wagonjwa 27 hadi karibu 17 kati ya 100. Picha ya rangi ilitangulia kwa sababu dawa hiyo ikivuja nje ya kibofu huunguza nyama za nyonga vibaya, na kidonda chake hakiponi upesi.

Jibu la patholojia

Karatasi ilisema: saratani ya utando wa njia ya mkojo, daraja la juu, imepenya hadi kwenye mafuta yanayozunguka beseni. Hiyo ni hatua ya pT3. Kingo zote safi. Tezi 7 zimepimwa, zote safi.

CT ilikuwa imesema mafuta ni safi. Haikudanganya, haioni tu kupenya kwa milimita chache, na hili linajulikana. Lakini jibu lilizua swali gumu, kwa sababu pT3 ndiyo hasa hatua ambayo miongozo hutahadharisha juu ya matundu. Tahadhari hiyo inatoka kwa sehemu kwenye jaribio la Italia lililochapishwa na Giuseppe Simone na wenzake mwaka 2009. Wagonjwa 80 waligawanywa kwa bahati nasibu, 40 wakafunguliwa, 40 wakafanyiwa kwa matundu. Kwa jumla vifo vya saratani havikutofautiana kwa kiwango cha kutegemewa. Walipotazama wale wa pT3 na wa daraja la juu peke yao, waliofunguliwa walifanya vizuri zaidi.

Watu 80 ni wachache, na ukiwagawa tena unabaki na vikundi vya kuhesabika kwa vidole. Hata hivyo silipuuzi jaribio hilo, kwa sababu ya yaliyotokea kwingine. Mwaka 2018 jaribio la LACC la saratani ya mlango wa kizazi lilishtua wapasuaji wote: baada ya miaka 4 na nusu, asilimia 86.0 ya waliofanyiwa kwa matundu au roboti walikuwa hai bila ugonjwa, dhidi ya 96.5 ya waliofunguliwa. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, tafiti za kuangalia nyuma, yaani za kusoma mafaili ya wagonjwa waliokwisha kutibiwa, zilikuwa zikisema hakuna tofauti.

Kwa kibofu, habari ni njema zaidi. Jaribio la RAZOR la Marekani, 2018, liligawanya wagonjwa 350 wa kutolewa kibofu kati ya roboti na kufunguliwa. Baada ya miaka 2, ugonjwa haukuwa umeendelea kwa asilimia 72.3 upande wa roboti na 71.6 upande wa pili. Jaribio la iROC la Uingereza, 2022, likaonyesha matatizo ya kidonda kwa asilimia 5.6 dhidi ya 16.0, na damu kuganda kwa asilimia 1.9 dhidi ya 8.3, roboti ikiongoza kwa yote mawili. Anayesema matundu hayana faida ya maana, namba hizo za damu kuganda azitazame mara ya pili. Ila kuna jambo moja kutoka New York, kwenye jaribio dogo la kundi la Bernard Bochner: hapakuwa na tofauti kubwa ya kuishi, lakini mahali saratani iliporudi palitofautiana, waliofanyiwa kwa roboti ikirudi zaidi ndani ya nyonga na tumbo. Wagonjwa walikuwa 118 tu. Bado, ukiwa mpasuaji unayejaza tumbo gesi kisha unakata njia ya mkojo humohumo, taarifa hiyo inakuhusu.

Je, mgonjwa wetu alikosewa? Naona hapana, na si kwa sababu mambo yalimwendea vizuri. Kwa yaliyojulikana siku ile, alistahili matundu: uvimbe mmoja, usioonekana kutoka nje, tezi za kawaida, timu yenye uzoefu. Mapafu yake yalikuwa na hatari kwenye gesi, lakini mpasuo mrefu ubavuni ungeyapa hatari yake pia, maana anayeumwa akivuta pumzi hakohoi makohozi. Na kila mahali ambapo chembe zingeweza kumwagika palifungwa kabla. Uvimbe uliopenya kwenye mafuta ulitoka ukiwa bado umevaa mafuta hayo.

Wasiwasi wangu uko upande wa dawa. Jaribio la POUT, lililochapishwa mwaka 2020 likiwa na wagonjwa 261, lilionyesha kwamba tibakemia, yaani dawa za kuua saratani mwilini, inayoanza ndani ya siku 90 baada ya figo kutolewa inaacha asilimia 71 wakiwa hai bila ugonjwa baada ya miaka 3, dhidi ya 46 kwa wasiopewa. Sisiplatini ndiyo dawa yenye nguvu zaidi, na inataka figo zenye kazi. Kabla ya upasuaji alikuwa na uchujaji wa 53, mpakani, ambapo baadhi ya madaktari wa saratani hukubali na wengine hudai 60. Baada ya figo iliyokuwa ikifanya asilimia 29 kuondoka, alibaki na 38. Sisiplatini ikawa haiwezekani. Alipewa gemsitabini na kaboplatini, mizunguko minne, kama POUT ilivyoruhusu kwa wenye figo dhaifu.

Kwenye kikao cha timu, daktari wa saratani alisema dawa zingetangulia upasuaji. Akaulizwa kama angemwanzishia mtu tibakemia bila kipande cha patholojia. Akakiri angetaka kipande. Na kipande kingepatikana kwa kamera ileile ya mrijani iliyoachwa ili kukilinda kibofu. Hapo kikao kilikwama, na sina la kukinasua. Unaufunga mkojo na kuikosa sisiplatini, au unaufungua kidogo mapema ili uipate, huku 53 yenyewe ikiwa haina uhakika wa kuruhusu. Mimi ningeelekea kwenye kipande kama figo zake zingekuwa 65. Kwa 53, ningefanya walichofanya wao.

Kamera ya kibofu ya mwezi wa 3 ilikuwa safi. Ya mwezi wa 12 ilikuta kinyama cha milimita 5, mbali na pale mrija ulipokatwa, kikatolewa. Hakikuwa kimepenya ukuta. Binti akauliza kama matundu ndiyo yaliyosababisha. Karibu watu 3 kati ya 10 hupata hili baada ya upasuaji wa aina hii, wawe wamefunguliwa au la, na chembe za awali pengine ziliteremka miezi kabla klipu haijawekwa, wakati damu ile ya kwanza ikiitwa UTI.

CT za kufuatilia zimefika miaka 2 bila doa. Kwenye karatasi ya maombi ya kila skani, daktari mpasuaji huchora tumbo na kuweka alama nne za troka na mstari wa mpasuo wa chini, kisha huandika kwamba ukuta wa tumbo sehemu hizo usomwe kwa makusudi na ulinganishwe na picha iliyopita. Asiyejua matundu yalikuwa wapi atauona uvimbe wa sentimita moja kwenye msuli na kuuita kovu.